Amina Kutoka Ukutani

Alhamisi ile, saa sita mchana, Mama Teopista Ajambo alikuwa peke yake nyumbani kwake Lumino, amepiga magoti juu ya mkeka mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu. Alikuwa amekwisha kusali sala ya Malaika wa Bwana. Akamwombea bibi mmoja wa Majanji aliyevimba miguu, akamwombea padri apate tairi la pikipiki, akafanya ishara ya msalaba. Ndipo ukuta ukasema, "Amina."

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, imetulia.

Mwingine angetoka mbio. Mama Teopista hakutoka. Mtu aliyeamini kwa miaka hamsini na sita kwamba Mungu anasikia hawezi kuapa kwamba hatajibiwa hata siku moja. Alibaki ameinamisha kichwa, akasema polepole, "Ndiyo, Bwana."

Kicheko kikapasuka. Hakikuwa cha mtu mmoja, ni cha wanaume wanne au watano.

"Ameitika! Haki ya nani ameitika! Si niliwaambia?"

"Toa mkono yako hapo, wacha na mimi niongee na yeye. Mama! Mama Maombi! Leo mbona umesahau Elinah? Jumanne ulimwombea vizuri sana. Bwana yake Ekaju iko hapa na sisi, anakunywa. Na yeye anasema amina!"

Kicheko tena.

Mama Teopista aliinua macho. Juu ya picha ya Moyo Mtakatifu, pale pale kila mtu anapoelekeza uso akipiga magoti katika nyumba ile, ilikuwepo kamera nyeupe yenye ukubwa wa ngumi, na kitaa kidogo cha kijani kinawaka. Alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea msumari. Sasa aliitazama, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba nayo inamtazama.

Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe. Elinah alikuwa anaondoka siku ile ile, kwa gari la saa nane.

*

Watu wa Lumino wakitaka kumweleza Mama Teopista kwa mgeni, husema tu, "Yule mama anayetaja majina." Alisoma mpaka darasa la saba. Aliwahi kutaka utawa, lakini baba yake akapokea ng'ombe wa Mangeni, mkausha samaki, naye akawa mke wa Mangeni, akampenda hivyo hivyo. Mangeni alikufa. Watoto watatu walikufa pia, kila mmoja kwa ugonjwa wake. Alibaki na binti mmoja, Lillian, aliyeolewa Malaba. Mama Teopista akawa anasuka mikeka ya mafunjo, anapanda simsim, na kila Jumanne mchana wanawake wanakuja kwake kuombewa.

Namna ya kuomba alifundishwa na katekista mzee, marehemu Oketcho. Katekista yule hakupenda sala za kuzungukazunguka. "Ukienda kwa daktari unasema 'naumwa' halafu unanyamaza?" alikuwa akiwauliza wasichana. "Mpe Mungu jina la mtu. Mpe mahali. Mpe siku. Usimpe habari nusu." Mama Teopista alilishika neno lile maisha yake yote. Alipoomba, aliomba kwa sauti, na aliomba kamili: fulani mke wa fulani, wa kijiji fulani, jambo lake ni hili, siku yake ni hii. Wanawake walilipenda hilo kuliko kitu chochote. Kuna wengine ambao hawakuwahi kusikia jina lao likitajwa bila hasira ndani yake isipokuwa pale juu ya mkeka. Walilia, wakajifuta kwa ncha ya vazi la gomesi, wakaenda zao wepesi. Na Mama Teopista hakutoa neno nje ya mlango wake, kamwe.

Elinah alianza kuja mwaka jana. Mume wake, Ekaju, ni dalali wa ng'ombe, mtu wa kuchekesha watu mnadani na kupiga mtu nyumbani. Alikuwa amemvunja mkono mara mbili. Elinah alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akamwambia arudi akapike, bwana akishiba hasira inakwisha. Mara ya tatu ilikuwa meno. Mara hiyo mtoto wao, Akongo, wa miaka minne, alijificha chini ya kitanda siku nzima, na alipotolewa hakusema neno kwa wiki mbili. Hapo ndipo Elinah alipofanya shauri. Ana dada yake kule Mella, anayelima mihogo. Alhamisi ni siku ya soko Lumino. Angetoka na kikapu cha nyanya kama kawaida, mtoto mgongoni, na saa nane angepanda gari la Busia, na kutoka Busia la Tororo, na kutoka Tororo mpaka Mella. Jumanne alikuja kuombewa njia.

Na Mama Teopista alimwombea, kwa sauti, kamili: jina, mahali, siku, saa.

*

Ile kamera ililetwa kwa mapenzi mema, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Mwezi wa kumi na moja wezi walikuja wakachukua mbuzi wake watatu na redio. Lillian alilia kwenye simu. Mume wake, Egau, anafanya kazi ya kuwatolea wenye malori karatasi za forodha pale Malaba, na katika yadi za malori ameona kamera kila kona. Akanunua moja inayotumia laini ya simu na jua, akaja nayo Lumino pamoja na fundi aitwaye Olupot.

Egau ni mkwe mwenye adabu kabisa. Siku ile hakuvuka kizingiti. Alikaa kwenye kigoda huko karibu na ghala la mtama, amegeuza uso upande wa barabara, kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani na mkwe hatazami ndani ya nyumba ya mama mkwe wake. Hata salamu zilipitia kwa Lillian: "Mwambie mama namsalimu." "Anasema ameitikia."

Olupot alipomaliza kupiga skrubu alitoka na kusema, "Bosi, lete simu yako niunganishe. Ukiwa Malaba utaona kila kitu hapa, mpaka kuku."

Egau aliruka kama aliyekanyaga moto. "Wewe! Unataka mimi nichungulie nyumba ya mama mkwe? Unaniona mimi sina watu?"

"Basi simu ya madamu."

"Simu ya madamu naishika kila siku. Si ni kitu moja tu?"

"Sasa namba ya siri aweke nani? Hii inatoka kiwandani na namba yake, lazima mtu abadilishe. Mama ana simu?"

"Ya tochi," alisema Lillian.

Walitazamana. Olupot alijikuna shingo. Egau akakata shauri, akasema kwa heshima zote, "Asiweke mtu. Iache vile imetoka dukani. Mwizi akija, tutatoa ile kadi ya ndani tupeleke polisi. Hakuna mtu atatazama nyumba ya mama."

Mama Teopista, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, alimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe wa namna hiyo. Jumanne iliyofuata alimwombea, kwa jina. Kamera ilikuwa inawaka.

*

Sasa alisimama katikati ya chumba, hajui afanye nini na mikono yake. Akasikia kinu cha kusaga cha sentani, kule kwenye maduka, dum-dum-dum, kama kila siku ya soko, kikija na upepo kupitia dirishani. Kisha ukuta ukakohoa, mtu akasema, "Yuko wapi? Ametoka kwa picha?" na nyuma ya sauti ile Mama Teopista akasikia dum-dum-dum nyingine, ikichelewa kidogo tu nyuma ya ile ya dirishani.

Kinu ni kimoja Lumino nzima.

Basi hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa wamekaa nyuma ya kinu, kwenye kile kibanda cha pombe ya malwa, wamezunguka chungu na mirija yao mirefu, simu ikipita mkono kwa mkono. Na kibanda kile kinatazamana na steji. Hakuna gari la Busia linaloondoka Lumino bila mtu aliyekaa pale kuona nani anapanda. Na kikohozi kile alikijua. Kilikuwa cha mwenyekiti wa kijiji.

Simu yake ya tochi ikalia. Lillian.

"Mama, usiseme kitu. Toka nje kwanza."

Alitoka mpaka nyuma ya jiko.

"Kuna video inatembea kwa simu za watu tangu jana," Lillian alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akanyamaza akalia tena. "Ni wewe, Mama. Wewe na mama Akongo, mmepiga magoti. Kila kitu kinasikika. Jina, Mella, gari la saa nane, kila kitu."

"Nani anatuona?"

"Yeyote. Nimempigia Olupot. Anasema kamera za aina hiyo zote zinatoka kiwandani na namba moja, ile ya moja mbili tatu mpaka sita, dunia nzima. Anasema kuna watu kazi yao ni kuzunguka kwa mtandao wakisukuma milango. Wakipata mmoja umefunguka, wanaita wenzao. Mtu wa Kenya huko ndiye alipata wa kwanza, akaweka kwa grupu, ikarudi mpaka hapa kwetu. Na hawa wa kwetu sasa wanaingia wenyewe. Mpaka kuongea wanaweza kuongea."

"Wameongea," alisema Mama Teopista. Kisha akauliza kile alichokuwa akiogopa kuuliza. "Egau ameniona?"

"Hapana. Mtu alimwonyesha kwa yadi, akafunga macho, akanipa simu nifute. Amekaa nje tangu asubuhi. Hajala. Anasema ni yeye amekuvua nguo mbele ya watu."

"Mwambie namsalimu."

"Mama, chomoa hicho kitu!"

"Tangu lini wanatutazama?"

"Olupot hajui. Pengine tangu siku ya kwanza."

Tangu mwezi wa kumi na moja. Mama Teopista aliegemea ukuta wa jiko. Jumanne zote zile zikampitia machoni: yule aliyekuja na uvimbe kifuani ambao mume hajui, yule ambaye mtoto wake wa mwisho si wa bwana, yule msichana wa shule, na yule mama mkwe aliyemchukia mke wa mwanawe mpaka akaogopa mikono yake mwenyewe. Wote aliwataja. Wote kwa jina na kijiji. Akakumbuka na siku za mvua, maji yanapojaa bafu la nje, alivyooga ndani ya chumba kile kile kwenye beseni, akiimba.

Alipiga hesabu ya saa kwa kivuli cha jiko. Ilikuwa inakaribia saa saba.

*

Kumpigia Elinah haikuwezekana. Simu ya Elinah huwa mfukoni mwa Ekaju. Kwenda sokoni kwa miguu, na nyonga yake ile, kungemchukua zaidi ya saa nzima, na njia ya sokoni inapita steji, mbele ya kibanda cha malwa, ambapo wangemwona anavyokuja akichechemea na kujua anamtafuta nani. Kumtuma mtu wa bodaboda? Wale waliocheka, nusu yao ni watu wa bodaboda. Mwenyekiti? Mwenyekiti alikuwa anakohoa ukutani.

Aliwaza juu ya Ekaju, amekaa na mrija mdomoni, amenyamaza. Mlevi anayepiga kelele humalizia hasira yake mdomoni. Ekaju hakuwa amesema neno moja kwenye kamera. Alikuwa anangoja.

Alirudi ndani, akaburuta kigoda mpaka ukutani, akapanda, akishikilia fremu ya picha asianguke. Mkono wake ukafika kwenye kamera. Ilikuwa na joto kidogo, kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Nikiing'oa, aliwaza, watacheka tu, na Ekaju atabaki pale pale anatazama steji. Haitamsaidia Elinah kitu.

Mkono ulibaki pale. Na wazo likaja, baya kabisa, likasimama mbele yake kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Wale watu wanasikia. Na wanaamini. Wanamcheka, lakini hakuna hata mmoja wao anayefikiri kwamba Mama Teopista, hata akijua anasikilizwa, anaweza kupiga magoti mbele ya Moyo Mtakatifu akasema jambo ambalo si kweli.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, hapana."

Akashuka kwenye kigoda. Akafungua kitambaa chake cha kichwa akakifunga upya, akakifungua tena, akakifunga. Alitaka kumwomba Mungu ruhusa, na hakuwa na mahali pa kumwombea, maana maisha yake yote ameomba kwa mdomo, na mdomo sasa ulikuwa wa watu wote. Alijaribu kusema kimya kimya, ndani, lakini maneno yalimpotea kama maji kwenye mchanga, hakujua kama yamefika. Nisamehe kile nitasema, alijaribu. Nisamehe. Hakusikia kitu. Kinu kilikuwa kinasaga.

Akapiga magoti. Nyonga ilimuuma, naye akaiacha iume.

"Baba yetu wa mbinguni," alianza, na sauti yake ikatoka ile ile ya kila siku, na hilo lilimtisha. "Jumanne nilikuletea Elinah mke wa Ekaju. Nilikuambia anakwenda Mella kwa dada yake, kwa gari la saa nane. Leo nakuletea habari mpya, Baba, nisije nikakuacha na ile ya zamani. Elinah amebadilisha njia. Ameogopa gari. Amenitumia neno asubuhi."

Ukuta ulikuwa kimya, lakini kimya chenye watu ndani yake.

"Ameshatoka sokoni, anateremka Majanji kwa miguu kupitia mashamba, na mtoto wake Akongo. Kuna mtumbwi wa kuvuka kwenda Kenya saa nane. Mwenye mtumbwi..." Hapa alikwama, kwa sababu sala yake haijawahi kukosa jina, nao wangeshtuka. Alitafuta jina ambalo halitamletea taabu mtu yeyote aliye hai. "Mwenye mtumbwi ni Bwire. Umbariki Bwire, Baba. Uwafikishe salama. Kwa Kristo Bwana wetu."

Bwire yule alizama ziwani miaka thelathini iliyopita. Vijana hawakumjua.

Hakuna aliyesema amina. Ukutani alisikia mtu akivuta pumzi, kisha sauti ya chini ambayo hakuwa ameisikia mpaka sasa: "Lete funguo ya pikipiki." Benchi likaanguka. "Ekaju, ngoja, na mimi nakwenda!" "Wewe baki, linda chungu." "Chungu gani, twende tuone sinema!" Pikipiki mbili, au tatu, zikawaka ukutani, zikawaka na dirishani, na baada ya muda zikapita barabarani mbele ya nyumba yake, zikiteremka upande wa ziwa, zikiiacha steji nyuma.

Mama Teopista aliinuka kwa kushika ukuta. Akapanda kigoda, akaizungusha ile kamera kwa mikono miwili mpaka skrubu zikatoka na vipande vya plasta. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaifunika kwa sufuria, na juu ya sufuria akaweka jiwe la kusagia. Kisha akakaa chini, mgongo kwa picha.

*

Ekaju alirudi saa kumi na nusu, peke yake, matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni. Malwa ilikuwa imemtoka njiani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Sikaribii. Nipe maji tu."

Alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Alikunywa yote, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, vizuri, kama mtoto aliyefunzwa.

"Nimetafuta mpaka kwa matete," alisema. "Nimeuliza Bwire. Wazee wa mtumbwi wamenicheka. Wananiambia, huyo Bwire nenda umwite chini ya maji." Akafuta mdomo. "Mama, mimi ni mlevi. Napiga bibi, watu wote wanajua. Lakini kudanganya Mungu? Hapana. Hiyo mimi sijafanya."

Mama Teopista alitazama kile kikombe.

"Basi," alisema Ekaju. "Mella sijasahau. Uliisema Jumanne. Kesho asubuhi nakwenda huko."

Akaondoka bila haraka. Mama Teopista alibaki na kikombe mkononi. Wakati wote ule alikuwa amewaza saa nane tu, lile gari tu. Hakuwa amewaza kwamba neno likishatoka halirudi ndani. Mella ilikuwa bado iko kwenye simu za watu, na sauti ilikuwa yake.

Simu ikalia, namba asiyoijua.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Elinah, na nyuma yake makondakta wakiita Mbale, Mbale, mmoja amebaki. "Mama, tumefika Tororo! Nimeazima simu ya mama mmoja hapa. Steji hakukuwa na mtu, Mama, hata mmoja! Kibanda kilikuwa kitupu! Ulituombea, nimejua kabisa ni wewe umetuombea. Akongo ameongea. Ameomba mahindi. Sasa tunangoja gari ya Mella."

"Elinah, sikiliza mwanangu. Usiende Mella."

"Nini?"

"Anajua. Anakuja kesho. Ile kamera yangu ya ukutani, watu walikuwa wanasikia ndani yake. Wamesikia yote niliyosema. Ni mimi nimesema."

Elinah akasema, kama mtu anayeuliza njia, "Sasa niende wapi?"

Jina la Lillian lilikuwa kwenye ulimi wa Mama Teopista. Malaba, nyumba ya pili nyuma ya yadi, mlango wa bluu. Aliinua macho, akaona ukutani matundu manne ya skrubu juu ya Moyo Mtakatifu, na plasta iliyobanduka. Akatazama na ile simu ya tochi aliyoishika. Hakujua tena ni kitu gani kinasikia na ni kitu gani hakisikii. Hakujua huyo mama mwenye simu ni nani. Jambo pekee alilolijua duniani lilikuwa hili, kwamba kila alichotaja kilifika kwa watu.

"Usiniambie," alisema. "Popote utakapopanda, usiniambie mimi. Usimwambie mtu jina lako. Nenda tu."

"Mama, mimi sina mtu mwingine."

"Najua, mwanangu."

"Pesa yangu inafika Mella tu."

"Najua."

"Mama..."

Mwenye simu akaitaka simu yake, na ikakatika. Alipopiga ile namba tena, yule mama alisema wameondoka, hakuona wamekwenda upande gani.

*

Ijumaa jioni Ekaju alirudi kutoka Mella mikono mitupu. Jumamosi akaenda tena, upande mwingine. Hakuna aliyejua Elinah yuko wapi, na hakuna simu iliyolia.

Jumanne Mama Teopista alitandika mkeka mapema. Hakuna aliyekuja. Mchana, mmoja wa wanawake wale alisimama nje ya uzio, yule mwenye uvimbe kifuani. Jicho lake moja lilikuwa limevimba. Mama Teopista alitoka kumlaki, akitaka kumwambia kwamba kile kitu ameshakiua kwenye maji. Mwanamke alimtazama kwa huruma zaidi kuliko hasira, akatikisa kichwa, akaenda zake. Afadhali angemtukana.

Alirudi ndani akafunga mlango, akafunga na dirisha, chumba kikawa na giza mchana. Akapiga magoti. Egau alikuwa ametuma fundi mwingine aje azibe matundu ya ukuta, lakini Mama Teopista alikuwa amemwambia fundi ayaache kwanza.

"Baba," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye aliisikia kwa shida. Katekista Oketcho angemkemea. "Baba, kuna mtu. Ana mtoto. Wako mahali."

Jina lilimjaa kinywani mpaka likamuuma, akalishikilia hapo, akabana midomo juu yake. Machozi yalishuka yakaingia kwenye mkeka. Alitafuta kingine cha kusema ambacho hakingemdhuru mtu, na hakukipata. Habari ilikuwa nusu. Chini ya nusu.

Akangoja kidogo, macho kwenye yale matundu manne, kabla hajathubutu kusema amina.